Unyamwezini samaki hupimwa kwa rula

Mpenzi msomaji, mtu akitoka Unyamwezini unategemea akupigie stori za maghorofa, magari yasiyo na paa na wanamuziki wenye meno ya dhahabu. Leo utanisamehe. Safu yako inakupeleka kwenye Marekani ile isiyoonekana kwenye video: Marekani ya matope, ruba, makoti ya mvua na wazee wa kofia wanaoweza kukaa saa nne nzima bila kutamka neno zaidi ya "ehee". Tunakwenda kuvua.

Jimbo lenyewe linaitwa Minnesota. Liko kaskazini kabisa, limepakana na Kanada, na baridi yake ya Januari usiombe ikukute na kandambili. Kwenye vibao vya namba za magari wameandika kwamba wana maziwa 10,000. Hapo wamejipunguzia. Ukihesabu yale yenye eka 10 na kuendelea tu, yanafika 11,842. Yaani huku kila kijana ana ziwa lake, kama sisi kila kijana alivyo na kijiwe chake.

Nilifikaje huko? Dada yangu anaishi Brooklyn Park, kitongoji cha mji wa Minneapolis, yeye na mumewe na watoto wawili. Tiketi alilipa yeye, mimi nilibeba dagaa, pilipili na kanga za wenzake. Usidhani kule utakufa kwa ukiwa. Wakenya wamejaa, Waliberia wamejaa, na Minneapolis kwenyewe kuna Wasomali mpaka basi, wengine wamekulia kambini Kenya na Kiswahili chao kimenyooka kuliko cha kwetu Magomeni. Unga wa ugali upo. Kisamvu kipo, cha barafu lakini kipo.

Shemeji yangu, huyo mume wa dada, ni mtu wa Ukerewe. Kwa asiyejua, Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, na mtoto wa huko anajua kupiga kasia kabla hajajua kuandika jina lake. Shemeji kaacha maji akiwa na miaka ishirini na ushee. Sasa hivi anafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na asubuhi ukimwona anavyoingia unadhani kabeba lile jengo zima mgongoni. Miaka tisa Minnesota, maziwa 11,842, na hajawahi kutia ndoana majini. Mwisho wa Agosti akapata siku mbili za mapumziko akaniambia, "Bwana shemeji, kesho twende tukawaone hao samaki wao. Nimechoka kuwasikia tu kazini."

Samaki wao anaitwa wolai. Tangu mwaka 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo, kama sisi tulivyo na twiga. Waojibwe, wenyeji wa asili wa maeneo hayo, wanamwita ogaa. Ni samaki mrefu mwembamba, mgongo wa kijani na dhahabu, tumbo jeupe, pezi la mgongoni lina miiba. Usimchanganye na sangara wetu. Huyu si wa ukoo ule wala si jitu. Anayevuliwa kila siku ni mdogo tu. Mkubwa kuliko wote kuwahi kuandikwa katika jimbo hilo alivuliwa mwaka 1979, na alikuwa na ratili 17 na nusu, yaani kilo kama nane hivi. Mvuvi wa Nansio akisikia hiyo rekodi atakuuliza kama unamtania.

Ila huyo bwana mdogo ana macho, wee! Makubwa, meupe kama lulu, yanakutazama kama taa za gari. Ndani ya jicho, nyuma, kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama la paka. Kwa hiyo kwenye giza na maji machafu yeye anaona, mawindo yake hayaoni. Jua likiwaka sana anashuka chini kujificha. Jioni, alfajiri, na siku ya upepo ambapo mawimbi yanavunja mwanga, ndipo anapotoka kutafuta chakula. Kumbe ndiyo maana wavuvi wa huko wanafurahi hali ya hewa inaponuna.

Tukaondoka Brooklyn Park mchana, barabara ya 169 moja kwa moja kaskazini. Kilometa kama 150 hivi. Unapita Elk River, Princeton, Milaca, mashamba ya mahindi yamenyooka kama yamepigwa rula, halafu misitu inaanza kukaza. Pembeni ya barabara unaona vibanda vimeandikwa chambo hai kinauzwa. Halafu ghafla, mkono wa kulia, maji. Maji mpaka yanagusana na mbingu. Shemeji akapunguza mwendo, akashusha kioo, akavuta pumzi kwa pua. Hakusema kitu. Nami sikumsemesha.

Ziwa hilo ni Mille Lacs. Jina ni la Kifaransa, maana yake maziwa elfu, ingawa lenyewe ni moja tu. Waojibwe wanaliita Misi-zaaga'igan, ziwa kubwa. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 536, na hapa shemeji alicheka kweli, maana kisiwa chao cha Ukerewe nacho kina kama 530. Ni kama mtu kakichukua kisiwa chote akakipeleka Marekani, akakigeuza maji. Ila kina chake ni kifupi. Mahali penye kina kuliko pote ni futi 42, mita 13 hivi. Wakati wa baridi ziwa zima linaganda, watu wanaendesha magari juu yake, wanajenga vibanda, wanatoboa barafu na kuvua humo ndani huku wamewasha jiko. Nilidhani wananidanganya mpaka nikaonyeshwa picha.

Kabla ya kupanda chombo lazima leseni. Hapo hakuna cha "mimi mgeni tu, ndugu yangu". Mtu mzima yeyote, mwenyeji au mgeni, anakata, na mgeni anaweza kukata hata ya siku moja. Tulizikata palepale dukani kwenye chambo. Kijana wa dukani akatupa na kijitabu cha sheria, kinene kama katekisimu. Shemeji akakipima uzito mkononi: "Kwetu hiki kingetosha kuwa nanga."

Chombo tulichopanda ni boti pana, bapa, yenye paa na mabenchi pande zote, inachukua watu ishirini. Mnalipa kila mtu kichwa chake, nahodha anawapeleka, kijana wake anawatilia chambo na kuwatoa samaki ndoanani. Tuliondoka saa kumi na moja jioni. Abiria wenzetu walikuwa wazee wastaafu, familia moja yenye watoto watatu, bibi mmoja wa Kizungu aliyekuja peke yake na mto wake wa kukalia, na sisi wawili, weusi pekee. Nikutoe wasiwasi: hakuna aliyetushangaa zaidi ya dakika mbili. Bibi alimuuliza shemeji kama amewahi kuvua. Shemeji akamjibu, "Kidogo." Mimi nikageukia majini nicheke.

Sasa mambo ya ufundi, kwa wale washikaji wanaopenda. Mwisho wa kiangazi maji yamepata joto, na wolai wengi hawako pembeni tena. Wako katikati ya ziwa, kwenye matuta mapana ya matope yaliyoinuka chini ya maji. Nahodha anayajua kama wewe unavyojua makorongo ya mtaani kwenu, na ana mashine inayomchorea chini palivyo. Chambo ni ruba. Ndiyo, ruba, ingawa huyu wa chambo si yule mnyonya damu. Anatungwa kwenye ndoana ndogo, juu yake risasi, juu zaidi boya linaloteleza kwenye mshipi mpaka kifundo ulichofunga wewe, ili ruba aning'inie futi moja tu kutoka kwenye matope. Ruba akiwa mle majini anajinyonga na kucheza kama mnenguaji wa bendi. Wolai akimwona hana ujanja.

Ila hamezi kwa pupa. Anagusa, anafikiri, anaonja. Boya linazama taratibu kama mtu anayeingia chumbani asiwaamshe wenzake. Ukivuta mapema umekosa. Shemeji alikaa sawasawa, fimbo kaiegemeza pajani, kidole kimoja juu ya mshipi. Boya lake lilipozama alihesabu kimyakimya, midomo naiona inacheza, kisha akainua mkono kidogo tu. Amekwisha! Watu wote wakageuka. Bibi akasema kwa sauti, "Kidogo, eh?"

Samaki akaja juu anang'aa dhahabu. Kijana wa boti akamlaza kwenye ubao wenye rula. Inchi ishirini kasoro robo. Kijana akatikisa kichwa. Akalowesha mikono, akamshika vizuri, akamrudisha ziwani.

Mpenzi msomaji, ungeiona sura ya shemeji! Ni sura ya mtu aliyeona noti ya elfu kumi ikitupwa jikoni.

Hapa ndipo nikuambie habari ya hili ziwa, maana bila hiyo hutaelewa. Miaka ya nyuma Mille Lacs lilisifika Marekani nzima kwa wolai. Hoteli, maduka, maboti, vyote vinakula kwa samaki huyo mmoja. Halafu samaki wakaanza kupungua. Vifaranga wanazaliwa, tena wengi, lakini wachache mno wanafika ukubwa wa maana. Wataalamu wakaona mambo kadhaa yamekutana. Maji yamekuwa maangavu kuliko zamani, na wolai, huyu mpenda giza, amebanwa mahali pa kuishi. Mwaka 2005 walikutwa kome wageni wenye mistari kama pundamilia, waliotokea Ulaya na Asia, wanaochuja maji mpaka yanakuwa kama ya chupa. Mwaka 2009 akakutwa kiroboto wa majini mwenye mwiba, mgeni mwingine, naye anamaliza vijidudu ambavyo samaki wadogo wangekula. Ongeza joto, ongeza samaki wengine wanaokula wadogo wa wolai. Kazi ipo.

Basi tarehe 3 Agosti mwaka 2015, msimu ukiwa umepamba moto, serikali ya jimbo ikafunga uvuvi wa wolai katika ziwa hilo, kwa sababu kiasi kilichopangwa kwa mwaka kilikuwa kimekwisha. Fikiria hoteli imejaa wageni, halafu unawaambia samaki mliyemfuata ni marufuku. Mwaka 2016 ikaruhusiwa kuvua na kurudisha tu. Mwaka 2017 ikafungwa tena kwa wiki kadhaa katikati ya kiangazi, kwa sababu maji yakiwa na joto hata samaki unayemrudisha anaweza kufa baada ya kuondoka mikononi mwako. Na hao wanaokufa baada ya kuachiwa nao wanahesabiwa katika kile kiasi cha mwaka! Watu walikasirika, wengine biashara ziliyumba. Tangu hapo sheria inapangwa upya kila mwaka, na wakati mwingine inabadilika katikati ya msimu. Kuna misimu mtu aliruhusiwa wolai mmoja tu kwa siku, naye awe kati ya inchi 21 na 23, sawa na sentimeta 53 hadi 58, na nje ya hapo labda lile jitu lililozidi inchi 28. Safari yetu iliangukia kwenye kipimo hicho. Mdogo anarudi kwa kuwa bado hajakua. Mkubwa wa katikati naye anarudi, kwa kuwa ni mama mwenye mayai ya kesho.

Tena hapangi mtu mmoja. Mwaka 1837 Waojibwe walitia saini mkataba na serikali ya Marekani wakaachia ardhi, lakini wakabakiza haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga mwitu katika maeneo hayo. Baadaye haki hiyo ikafanywa kama haipo. Mwaka 1990 Waojibwe wa Mille Lacs wakafungua kesi. Vijana wa mjini mnaosema mahakamani mambo yanachelewa, sikilizeni: kesi ilifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 24 Machi 1999 majaji 5 dhidi ya 4 wakaamua kwamba mkataba wa 1837 bado uko hai. Miaka 162 baadaye! Siku hizi jimbo na makundi manane ya Waojibwe wanakaa meza moja kila mwaka wanakubaliana wolai wangapi wanaweza kuvuliwa bila kulimaliza ziwa, kisha wanagawana. Wapo Wazungu ambao mpaka leo wanalalamika juu ya nyavu za Waojibwe wakati wa machipuko. Wapo Waojibwe wanaowajibu kwamba wao walikuwa wakila samaki hao kabla maboti yenye injini hayajazaliwa. Nilikaa katikati ya hayo mazungumzo kama kuku wa kigeni, nikala karanga zangu.

Turudi kwenye boti. Jua lilianza kushuka, upepo ukanyanyuka, mawimbi madogo yakaanza kupiga ubavuni. "Sasa," nahodha akasema, na hilo ndilo neno refu alilosema jioni hiyo. Maboya yakaanza kuzama kila upande. Ndege mmoja wa majini, mweusi mwenye madoa meupe, wanamwita luni, akatoa mlio mahali mbali, mlio kama mwanamke anayelia msibani. Mtoto mmoja akapata samaki wa kiganja, akarudishwa. Mzee mmoja akapata wa kipimo, akapigiwa makofi. Mimi boya likazama, nikakumbuka kuhesabu kama shemeji, nikainua. Inchi 22! Kijana akanipa mkono. Nilijiona kama nimefunga goli la ushindi Simba na Yanga.

Halafu zamu ya shemeji. Fimbo ikapinda mpaka majini. Dakika tano anampa mshipi, anamrudisha, anampa, anamrudisha. Samaki alipokuja juu bibi alisema jina la Mungu. Inchi 26, tumbo limejaa, macho kama vioo. Inchi 26 maana yake ni nini? Amezidi mno kwa kipimo cha kati, na hajafika lile jitu la 28. Anarudi.

Kijana alinyoosha mkono amchukue. Shemeji akasema, "Acha, nitamrudisha mwenyewe." Akalowesha mikono, akamshika chini ya tumbo, akainama nje ya boti, akamtuliza ndani ya maji mpaka mkia ukaanza kucheza. Akamwachia. Alibaki ameinama hivyo muda mrefu, mikono ndani ya maji.

Alipokaa akaniambia jambo ambalo dada alikuwa hajanidokeza. Mdogo wake aliyeko Ukerewe kamwandikia wiki nzima anaomba pesa. Si ya ada, si ya hospitali. Ya kokoro. Kwa msomaji wa mjini: kokoro ni wavu wa kuburuta kutoka majini mpaka pwani, macho madogo, unakomba kila kitu, wazazi, watoto na mayai kwenye mazalia yao. Ni marufuku kwetu miaka mingi. Kisheria sangara wa chini ya sentimeta 50 hapaswi kuvuliwa, lakini kokoro halina rula. Mwaka 2018 ilipopita ile Operesheni Sangara nyavu haramu zilichomwa marundo kwa marundo mwaloni, na wenye nazo wakalia.

"Mimi nilimwambia hapana," shemeji akasema. "Unajua alinijibu nini?"

Akatoa simu, akanisomea. Ujumbe wenyewe ulikuwa hivi: *Kaka, huko ulipo samaki asipopatikana mshahara unaingia. Sisi tunakula tulichovuta. Nikiacha mimi, jirani havui?*

Ndugu msomaji, nilitafuta la kusema nikakosa. Ni rahisi mtu kukaa kwenye boti yenye paa, ana soda mkononi, akamhubiria mwenye njaa habari za mazalia ya samaki. Yule bibi mwenye mto wa kukalia hategemei wolai ili ale. Akirudishiwa samaki wote jioni hiyo, nyumbani friji limejaa. Kurudisha samaki ukiwa umeshiba na kurudisha samaki watoto wakikungoja ufukweni ni mambo mawili.

Lakini na huyu mdogo mtu naye, lile swali lake la mwisho ndilo linalomaliza ziwa. Nikiacha mimi, jirani havui? Kila mtu kwenye mwalo akiuliza hivyo, jibu linakuwa moja. Tofauti niliyoiona Mille Lacs si kwamba Wamarekani ni malaika. Nao walinung'unika, nao wanashtakiana, nao kuna wanaoficha samaki chini ya benchi na kukamatwa. Tofauti ni kwamba anayerudisha samaki ana hakika mwenzake wa boti ya pili naye atakuta rula ileile, na askari yuleyule. Bila hakika hiyo, mwaminifu anaonekana mjinga.

Tukarudi gati giza limeshaingia, saa tatu kasorobo usiku. Pembeni kuna kibanda cha kusafishia samaki, kina meza ya chuma na bomba la maji. Kijana akamchukua samaki wangu, kisu kikapita mara mbili, minofu miwili ikatoka safi. Kichwa na mifupa akavielekeza kwenye ndoo ya taka.

"We! We! We!" Hiyo ilikuwa sauti ya shemeji. Mtu aliyekulia Kanda ya Ziwa, anayejua mapanki yamelisha familia ngapi Mwanza, umtupie kichwa cha samaki mbele ya macho yake? Kijana akamkabidhi kichwa kwenye mfuko wa nailoni, kamshangaa mpaka basi. Mzee mmoja akasaidia kwa kusema hata wao mashavu ya wolai wanayala, ni matamu kuliko mnofu. Basi angalau hapo mataifa yalielewana.

Wakati mimi napokea mfuko wangu, shemeji alikwenda kusimama mwisho wa gati na simu yake. Kwetu ilikuwa inakaribia saa kumi na moja alfajiri, saa ambayo mitumbwi inarudi. Nilimsikia kwa Kikerewe kwanza, siambulii kitu, halafu akabadilisha Kiswahili kama watu wanavyofanya wanapotaka neno liwe zito: "Pesa nitatuma. Ya kokoro situmi. Nunua nyavu halali, zinazobaki nitazimalizia mwezi ujao. Nikisikia umevuta kokoro, hapo tumemalizana." Akasikiliza. Akasema, "Najua ni ghali. Ndiyo maana nalipa mimi."

Nyavu halali zina bei, si mchezo. Tukiwa njiani kurudi alinieleza hesabu yake: zamu nne za ziada za mwisho wa wiki, labda tano. Hizo ndizo siku mbili zake za mapumziko. Yaani ziwa alilolikuta baada ya miaka tisa, hataliona tena mpaka barafu ianze.

Dada aliposikia hakufurahi hata chembe. "Samaki wa Ukerewe ndio watakaokulelea hawa watoto wakati umelala?" alimuuliza, na ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa na miguu. Wakanuniana mpaka samaki akaiva. Minofu aliikaanga na unga na pilipili manga kama wanavyofanya wenyeji, kichwa akakichemsha kwa ndimu, nyanya na bamia. Ugali ukaja. Nyama ya wolai ni nyeupe, laini, haina harufu, haina miiba ya kukusumbua. Kwa mapishi ya kukaanga nampa tisa juu ya kumi. Kwa mchuzi, na msinipigie kelele watu wa Minnesota, sato bado ni mfalme.

Mnaopanga kwenda, nendeni mwisho wa Agosti kuelekea Septemba: mbu wamepungua, jioni zina ubaridi mtamu, bado hakuna theluji. Chukua koti hata kama mchana jua linawaka. Ulizia kwanza sheria ya wiki hiyo, usitegemee ya mwaka jana. Pita na kwenye makumbusho ya Waojibwe, iko ufukweni magharibi mwa ziwa, utaelewa ziwa ni la nani kabla hujatia ndoana.

Na mnaotoka Ukerewe, Musoma, Bukoba, Kisumu mpaka Entebbe, mkipata ujumbe wa ndugu anaomba pesa ya wavu, msijibu haraka "hapana" mkajiona mmeliokoa ziwa. Muulizeni wavu upi, halafu mpige hesabu mnaweza kuchangia upi. Nilipoondoka Brooklyn Park ile picha ya nyavu mpya ilikuwa haijaingia kwenye simu ya shemeji. Kila akiamka jioni kwenda kazini alikuwa anaangalia.

Basi kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.